Usikivu wa Sauti Dijitali na Uhifadhi wa Fasihi Simulizi katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Ikisiri

Makala hii inachunguza swali ambalo limejadiliwa kwa muda mrefu katika nchi zenye viwanda vikubwa vya muziki: je, msikilizaji anajali ubora wa juu wa sauti dijitali? Swali hilo linahamishwa kutoka sebule za wapenzi wa muziki na kupelekwa katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambako slufay ya Wairaqw, nyimbo za Wabarbaig na lugha ya Wahadza sasa hunaswa kwa simu za mkononi. Inadaiwa kwamba kujali kwa msikilizaji si kipimo cha kuaminika cha upotevu wa sauti, kwa kuwa anayeijua kazi inayosikilizwa ndiye anayeweza kuvumilia upotevu mkubwa kuliko wote.

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa fasihi simulizi wamezoea kuishughulikia sauti kana kwamba ni njia tu ya kuyafikia maneno. Mtafiti hurekodi, hunukuu, hutafsiri, kisha huchapisha. Kanda yenyewe hubaki kabatini hadi ukungu uimalize. Hadithi za Wairaqw zilizokusanywa na W. D. Kamera na kuchapishwa mwaka 1978 ziliwafikia wasomaji kwa njia hiyo, na hata sarufi ya Kiiraqw ya Maarten Mous (1993), ambayo ni kazi ya msingi kwa kila anayeitafiti lugha hiyo, ni kitabu kinachosomwa kwa macho. Hili si kosa la watafiti hao. Chombo cha taaluma kilikuwa karatasi, na karatasi haina sauti.

Hali hiyo imebadilika. Leo mtu yeyote mwenye simu anaweza kurekodi dua ya mzee katika sherehe na kuisambaza kabla sherehe haijamalizika. Rekodi za namna hiyo ni nyingi kuliko zote zilizowahi kufanywa na vyuo vikuu, na nyingine kati yake zitakuwa ushahidi pekee utakaobaki juu ya fanani fulani. Kwa sababu hiyo, ubora wa sauti si suala la anasa tena. Ni suala la uhakiki wa matini, sawa na suala la hati mbovu ya mwandiko wa Kiarabu lilivyo kwa mhariri wa tenzi za kale.

Eneo linalohusika linafaa sana kwa uchunguzi wa aina hii. Katika Mbulu na Hanang, wilaya zilizokuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha hadi Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002, zinakutana lugha zisizo na nasaba moja: Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi, Kidatooga, pamoja na lahaja yake ya Kibarbaig, ambacho ni cha Kinailoti, lugha za Kibantu, Kiswahili kikiwamo, na Kihadza cha bonde la Yaeda, ambacho hakijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote. Kila moja huielemea sehemu tofauti ya masafa ya sauti. Chombo kinachoitendea haki lugha moja huweza kuidhulumu nyingine, na yote mawili yakatokea katika mkutano mmoja wa hadhara.

2.0 Madai ya Viwanda na Ushahidi wa Masikio

Sahani ya CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilikuja na vipimo viwili ambavyo vimeendelea kuwa msingi wa mjadala: sampuli 44,100 kwa kila sekunde, na biti 16 kwa kila sampuli. Kwa mujibu wa kanuni ya sampuli, ambayo Claude Shannon aliithibitisha mwaka 1949, sampuli za idadi hiyo zinatosha kuhifadhi masafa yote yaliyo chini ya nusu yake, yaani takriban hezi 22,000. Sikio la kijana mwenye afya hukomea karibu na hezi 20,000, na kiwango hicho hupungua kadiri umri unavyosonga mbele. Hata hivyo, mwaka 1999 ilitolewa Super Audio CD, na mwaka uliofuata DVD-Audio, kwa madai kwamba CD ilikuwa imeacha kitu nje.

Madai hayo yalijaribiwa. Meyer na Moran (2007) waliwasikilizisha watu sauti ya ubora wa juu, kisha sauti hiyohiyo ikiwa imepunguzwa hadi kiwango cha CD, bila kuwaambia ipi ni ipi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hiyo ni chini kidogo ya nusu, yaani matokeo ambayo mtu angeyapata kwa kurusha sarafu. Joshua Reiss (2016) alikusanya takwimu za tafiti 18 na kuona kwamba wasikilizaji walipatia kwa takriban asilimia 52, na kwamba waliopewa mafunzo kabla ya jaribio walifikia asilimia 60 hivi. Tofauti ipo, basi, lakini ni nyembamba, na huonekana zaidi kwa aliyefundishwa kuitafuta.

Soko nalo lilitoa hukumu yake. Pono, kifaa cha mwanamuziki Neil Young, kilichangiwa na umma zaidi ya dola milioni 6 mwaka 2014, na huduma yake ikafa mwaka 2017. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilianza kuwapa wateja wake wa muziki sauti isiyopunguzwa bila kuwatoza zaidi. Bidhaa ambayo watu hawakuwa tayari kuilipia ikawa nyongeza ya bure.

Kosa hutokea pale matokeo haya yanapochukuliwa kuwa kibali cha kupuuza ubora wa sauti kwa jumla. Majaribio hayo yalilinganisha kilicho bora na kilicho bora zaidi. Hayakugusa tofauti kati ya CD na rekodi ya simu ya bei nafuu, na tofauti hiyo ndiyo inayokutwa Katesh, Haydom na Dongobesh.

3.0 Njia za Sauti katika Mbulu na Hanang

Kwa miongo mingi sauti ya mbali iliyosikika katika nyanda hizi ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa masafa ya kati na masafa mafupi. Utangazaji wa aina hiyo huipunguza sauti hadi takriban hezi 4,500, na juu yake huongezwa mikwaruzo ya hewa. Kwa kuwa matangazo yalikuwa kwa Kiswahili na Kiingereza, lugha za eneo hili hazikupata nafasi ya kujaribiwa na njia hiyo. Kaseti ilikuja na uhuru wa kujirekodia, pamoja na tabia yake ya kuyumba: betri zinapochoka kanda huenda polepole, na mwimbaji kijana huzeeka ghafla katikati ya ubeti. Redio za FM, kama vile Radio Habari Njema ya Jimbo Katoliki la Mbulu, hufikisha masafa ya hezi 15,000, ambayo ni mengi ya kutosha kwa usemi wa lugha yoyote.

Siku hizi nyimbo nyingi husafiri kwa memori kadi, flashi na simu, na huchezwa kwa sabufa mahali pa wazi: dukani, gulioni, ndani ya basi, au katika ua wa nyumba yenye harusi. Mahali hapo panapohitaji kushindana na upepo na injini, sifa ya kwanza ya chombo ni nguvu, na ya pili ni besi. Mtu anayesema kwamba msikilizaji wa namna hii hajali ubora anakosea. Anajali sana, na anaweza kuisifu sabufa moja na kuikataa nyingine kwa hoja. Ila vigezo vyake ni vya uwanjani. Mulokozi (1989) ameieleza fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita, yaani fanani, hadhira, fani, tukio lenyewe, mahali na wakati. Vigezo vya mwenye sabufa viko karibu zaidi na maelezo hayo kuliko vya mtu aliyejifungia chumbani na vipokea sauti vya bei ghali masikioni. Huyo wa chumbani ameondoa hadhira, mahali na wakati ili abaki na masafa.

4.0 Sauti za Lugha na Mipaka ya Chombo

Simu ya kawaida, katika mazungumzo ya njia ya zamani, hupitisha masafa kati ya hezi 300 na 3,400. Wasemaji wa Kiswahili wanaufahamu upungufu huo kwa uzoefu: anayetaja jina lake kwa karani kupitia simu hulazimika kusema kwamba herufi ya kwanza ni s ya Salma wala si f ya Fatuma. Sababu ni kwamba kelele inayozipambanua s na f iko juu ya mpaka huo. Kiswahili huvumilia kwa kuwa kina vikwamizwa vichache vya namna hiyo, na muktadha husaidia.

Kiiraqw kina mzigo mkubwa zaidi. Pamoja na s, kina kikwamizwa cha kitambaza, kinachoandikwa sl, ambacho hutamkwa kwa kupitisha hewa kando ya ulimi bila mrindimo wa nyuzi sauti. Kina pia kizuio-kwamizwa cha kitambaza kinachoandikwa tl, na kingine kinachoandikwa ts, ambavyo vyote viwili hufyatuliwa kwa msukumo wa glota. Juu ya hivyo kuna sauti za koromeo, hh na ile inayoandikwa kwa mkwaju, na za kimio, q na x. Sauti hizi si mapambo. Zimo katika maneno ya kila siku na katika maneno ya ibada: slee ni ng'ombe, qwaslarmo ni mtaalamu wa mambo ya mvua na tambiko, na jina lenyewe la slufay linaanza na kitambaza hicho.

Kinachotokea kwenye chombo hafifu kinaweza kuelezwa hivi. Nguvu kubwa ya s iko juu ya hezi 4,000. Kelele ya sl imetandaa zaidi na huanza chini kidogo. Masafa ya juu yakikatwa, s hupoteza kile kinachoitambulisha, na sl hupoteza sehemu ya juu ya mtandazo wake. Zinazobaki ni kelele mbili fupi, dhaifu, zinazofanana. Mnukuzi asiye mzawa ataandika s mahali pa sl, au sh mahali pa zote mbili. Atakuwa hajakosea kusikia: amesikia kwa usahihi kile chombo kilichobakiza.

Kidatooga kiko katika hali tofauti kabisa. Katika lugha hiyo toni hufanya kazi ya kisarufi: nomino inayofuata kitenzi ikiwa ni kiima hubeba toni tofauti na ile inayobeba ikiwa yambwa. Mtu angeweza kudhani kwamba simu, ambayo hukata masafa yaliyo chini ya hezi 300, ingeiharibu toni moja kwa moja, kwani kidatu cha msingi cha sauti ya mwanamume kiko karibu na hezi 100. Sivyo. Ubongo hukijenga upya kidatu hicho kutokana na vidatu vya juu yake ambavyo ni vigawe vya kile cha msingi, hata kama chenyewe hakipo. Ndiyo maana mtu humtambua baba yake kwenye simu. Nyimbo za Wabarbaig zinazosifu ng'ombe na mashujaa, na zile za bung'eda, yaani mazishi makubwa ya mzee mwenye heshima, zinaweza kupita katika chombo duni na sarufi yake ya toni ikabaki. Kinachopotea ni wingi wa sauti za kundi, jambo litakalorudiwa hapa chini.

Kihadza kinaleta tatizo la tatu, ambalo ni la wakati zaidi kuliko masafa. Kidoko ni mlio mfupi mno, wenye mwanzo mkali. Mfumo wa MP3 huipunguza sauti kwa kuigawa katika vipande. Kila kipande kina sampuli 1,152, ambazo kwa kiwango cha CD ni milisekunde 26. Makosa ya kukadiria husambaa ndani ya kipande chote, hata kabla ya mlio wenyewe. Sikio huweza kuyasamehe makosa yanayotangulia mlio kwa milisekunde chache tu. Waundaji wa MP3 walilijua jambo hilo na wakaweka vipande vifupi kwa ajili ya milio mikali, lakini biti zinapokuwa chache dawa hiyo haitoshi, na kidoko hutanguliwa na mvumo usiokuwako kinywani mwa msemaji. Mtafiti wa fonetiki anayepima muda wa kuachia kidoko kwa rekodi kama hiyo anaupima mfumo wa MP3.

5.0 Slufay na Nadharia ya Koromeo Moja

Slufay ni dua ya kishairi. Kiongozi, ambaye kwa kawaida ni mzee, hutamka mafungu ya maneno ya kuombea heri, mvua, uzazi, mifugo na amani, na waliohudhuria huitikia kwa pamoja. Uzito wake hauko katika maneno ya kiongozi peke yake. Kuitikia ndiko kunakoifanya dua kuwa ya watu wote. Kiongozi asiyeitikiwa amesema, hajaomba.

Simu nyingi za bei nafuu zimekuwa zikihifadhi rekodi za sauti kwa mfumo wa AMR, uliotungwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Mfumo huo huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo hakuna chochote kinachohifadhiwa juu ya hezi 4,000. Lakini tatizo lake kubwa zaidi limejificha katika nadharia yake. AMR haihifadhi wimbi la sauti kama lilivyo. Kila milisekunde 20 hukisia hali ya kinywa na koromeo la msemaji, kisha huhifadhi makisio hayo kwa biti kati ya 4,750 na 12,200 kwa sekunde. Makisio hayo hudhani kwamba anayesema ni mtu mmoja. Kwa mazungumzo ya simu dhana hiyo ni sahihi na ya busara. Kwa watu 50 wanaoitikia kwa wakati mmoja, wenye vidatu na makoromeo 50, si sahihi hata kidogo. Chombo hulazimika kulitafuta koromeo moja lisilokuwako, na kinachotoka ni mvumo wa bati unaotetemeka.

Aidha, simu nyingi hujirekebisha zenyewe kiwango cha sauti: sauti ndogo hupandishwa, kubwa hushushwa. Mpandishano kati ya mzee mmoja anayesema kwa utulivu na umati unaomjibu, ambao ni sehemu ya fani, husawazishwa. Matokeo yake ni kwamba rekodi humtendea haki kiongozi na kuiharibu hadhira. Msomaji wa makala hii ataona kwamba huo ndio upendeleo uleule ulioko katika vitabu: maneno ya kiongozi huchapishwa kwa ukamilifu, na kiitikio hutajwa mara moja kisha kikafuatwa na nukta tatu. Teknolojia imerudia kosa la karatasi kwa njia yake yenyewe.

6.0 Anayejali ni Nani?

Mwaka 1970 Richard Warren alichapisha jaribio ambalo linastahili kufahamika zaidi miongoni mwa wanafunzi wa fasihi simulizi. Aliondoa sauti moja katika sentensi iliyorekodiwa, akaweka kikohozi mahali pake. Wasikilizaji walidai kuisikia sauti iliyoondolewa, na walishindwa kuonyesha kwa usahihi kikohozi kilikuwa wapi. Lugha iliyomo akilini ilikuwa imelijaza pengo.

Kutokana na hilo, mzee wa Kainam akisikiliza slufay kwenye simu ya kitochi na kusema kwamba inasikika vizuri, anasema kweli. Anaijua. Anaisikia sl kwa sababu anajua kwamba ipo, hata kama chombo hakikuipeleka. Isitoshe, masikio ya wazee wengi yamekwisha kupoteza masafa ya juu kwa umri, na kwa muda mrefu wamekuwa wakiikamilisha lugha yao kwa kumbukumbu. Kumuuliza yeye kama anajali ubora wa sauti ni sawa na kumuuliza aliyehifadhi utenzi kwa moyo kama nakala iliyotobolewa na mchwa inasomeka.

Asiyeijua slufay ndiye anayehitaji masafa yote: mtoto aliyezaliwa Babati au Arusha ambaye Kiswahili ndicho lugha yake ya kwanza, na atakayejaribu siku moja kujifunza dua ya babu yake kutoka katika rekodi. Huyo hana kitu akilini cha kuzibia pengo. Naye hajaulizwa, kwa kuwa bado hajawa msikilizaji. Tafiti za soko haziwezi kumfikia. Huhesabu walioko, wanaojua wanachokisikiliza, na hupata jibu kwamba tofauti haionekani.

Inaweza kupingwa kwamba mapokeo simulizi hayakuwahi kutegemea rekodi, na kwamba mtoto atajifunza slufay kwa kuhudhuria. Hoja hii ina nguvu, na pale ambapo kuhudhuria kunaendelea haina haja ya kujibiwa. Lakini rekodi zinasambazwa sasa hivi, na baadhi ya wanaozipokea hawahudhurii.

7.0 Kiwango Kinachohitajika

Chama cha kimataifa cha nyaraka za sauti, IASA, kinapendekeza kwamba sauti ya kuhifadhiwa isiwe chini ya sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, na kinapendelea sampuli 96,000. Kwa shughuli inayojadiliwa hapa kiwango cha kwanza kinatosha. Sampuli 48,000 hufikia hezi 24,000, juu ya kila kinachosikika. Biti 24 zina faida iliyo dhahiri zaidi uwanjani kuliko masafa ya ziada: huruhusu kiwango cha kurekodi kiwekwe chini, ili umati unapoitikia ghafla sauti isipasuke, na mzee anapoteremsha sauti bado asikike.

Gharama yake si ya kutisha. Dakika moja ya sauti ya mkondo mmoja kwa kiwango hicho huchukua takriban megabaiti 8.6, kadi ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya saa 60. Dakika hiyohiyo kwa AMR huchukua chini ya megabaiti 0.1, na tofauti hiyo ilikuwa na maana wakati kadi ya megabaiti 64 ilipokuwa mali. Leo simu nyingi za kisasa zinaweza kurekodi bila kupunguza kwa kuwekewa programu inayofaa na kuzimiwa urekebishaji wa kiwango cha sauti. Nakala za kugawia ndugu na majirani zinaweza kutengenezwa baadaye kwa MP3 ya biti 128,000 kwa sekunde, ambayo ni takriban megabaiti 1 kwa dakika, mradi nakala ya kwanza isifutwe ili kupisha picha za harusi.

Idara zinazowatuma wanafunzi wa shahada za juu kwenda Mbulu na Hanang zingeweza kudai kwamba faili la asili liwasilishwe pamoja na tasnifu, kama vile maabara hudai sampuli. Zingeweza pia kudai vinasa sauti viwili. Kimoja kinawekwa mbele ya kiongozi, ambako watafiti wamekuwa wakikiweka tangu zamani. Cha pili kinawekwa nyuma, katikati ya wanaoitikia, kwa urefu wa vifua vyao, na kinawashwa kabla kiongozi hajasimama.